Kabla Hujampa Wakala wa Ajira Wasifu Wako

Arusha simu za mawakala wa ajira huanza kuita sana wakati wa masika, kambi nyingi za porini zikiwa zimefungwa. Kampuni za utalii zinataka watu kabla ya Juni, wageni wanapoanza kumiminika, na hazina muda wa kusoma rundo la maombi, kwa hiyo wakala anawachujia. Hapo ndipo pa kuanzia: anayemlipa wakala ni mwajiri. Hata akikuita ndugu na kukununulia chai, kazi yake ni kuziba nafasi ya mteja wake, na hana kosa kwa hilo. Mjibu vizuri, mheshimu, lakini usimkabidhi maamuzi yako.

Na kwa kuwa halipwi na wewe, usimpe hata senti. Kanuni za mwaka 2014 za mawakala binafsi wa ajira zinamkataza kumtoza mtu anayetafuta kazi. Nalisema kwa uchungu, maana mdogo wangu aliombwa 50,000 ya "fomu na usajili" na ofisi moja ya chumba kimoja hapa mjini. Akalipa kwa simu. Risiti ilikuwa na muhuri uliokolea vizuri lakini bila anwani, na wiki iliyofuata tulikuta kufuli mlangoni. Tangu hapo, kabla mtu wetu hajaenda popote, tunaomba kuona leseni ya uwakala na tarehe yake ya kuisha, kisha tunatafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili kampuni nchini. Ujumbe wa "tuma hela upangiwe usaili" tunausambaza kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Nafasi za serikali ndizo kabisa hazina dalali: maombi hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, bure. Anayekuambia ana mtu wake ndani, muage.

Jambo ambalo wengi hawaliandai ni kujua wasifu wao umefika wapi. Rafiki yangu, mhasibu wa Moshi, alipeleka wasifu kwa mawakala wawili, na wote wakampeleka kambi ileile bila kumwambia. Mwajiri akaona jina moja mara mbili, akahofia mawakala kugombania kamisheni, akachukua mtu mwingine. Rafiki yangu alikuja kujua baada ya miezi miwili. Kwa hiyo mwandikie wakala mapema, kwa WhatsApp, ili maneno yabaki: "Naomba usipeleke jina langu popote kabla hujaniambia ni kwa nani." Si ukaidi huo. Hizo ni taarifa zako, na tangu 2023 tuna sheria inayofanya kazi ya kulinda taarifa binafsi. Kisha nunua daftari la mia tano. Andika tarehe, wakala, mwajiri, nafasi, na mshahara uliotajwa. Simu itakukuta kwenye daladala ya Sakina, kelele tupu, na mtu atauliza, "Unakumbuka ile nafasi tuliyoongea?" Ukiwa na daftari, unakumbuka.

Mshahara uhesabu nyumbani kabla ya kuulizwa. Wakala akisema laki nane, muulize kama ni kabla ya makato. Ukitoa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inabaki 720,000 ya kukatwa kodi, na kodi yake ni 60,000. Mkononi unapata 660,000, na kama una mkopo wa elimu ya juu, makato yake bado hayamo humo. Kwa kazi za kambini uliza pia chakula, malazi, bahasha za bakshishi za wageni zinagawanywaje, na unakaa porini wiki ngapi kabla ya kurudi mjini. Laki saba ya kambini yenye chakula na kitanda inaweza kukubakishia zaidi ya laki tisa ya Njiro, hapa mjini, unakolipa pango na nauli.

Vyeti toa nakala tu, halisi vibaki kwako. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), TIN (ya mlipakodi) na NSSF ziwe tayari. Wadhamini wako wapigie kwanza. Inauma kumsikia bosi wako wa zamani akishtuka kwenye simu kwa sababu hakujua kama unatafuta kazi.

Siku ya kusaini, soma kwanza mstari wa mwajiri. Wakati mwingine linakaa jina la wakala badala ya hoteli uliyofanyia usaili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, mahali, saa na malipo. Muulize wakala nani atapeleka michango yako NSSF, na mkitofautiana utamshtaki nani kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama jibu halieleweki, omba siku mbili uende na mkataba nyumbani.