Usiku wa Suti Baharini: Mwanamume Avae Nini Kwenye Meli ya Kitalii

Ujumbe huwa ni uleule. "Fundi, mke wangu ameshakata tiketi. Siku 7, tunaondokea Galveston, na wameandika kuna usiku 2 wa mavazi rasmi. Sasa mimi nivae nini?" Galveston ni bandari ya Texas, Marekani; anayeuliza ni ndugu yetu wa Houston au Dallas, au kijana wa Kisauni aliyehamia Uingereza, na mara nyingi safari imebakiza wiki 3. Mimi nimebeba sahani katika kumbi za chakula za meli miaka 9 kabla ya kurudi Mombasa kushika mkasi. Suti hizi nimeziona zikiketi mbele yangu zikisubiri supu, na nimeziona zimelala vipandevipande juu ya meza ya kukatia. Nitakupitisha kwa mpango ninaoufuata mteja akiingia dukani.

Hatua ya 1: Soma tiketi kabla hujafungua kabati

Wengi huanza na nguo. Anza na meli, kwa sababu "mavazi rasmi" ni neno moja lenye maana tano.

Kati ya kampuni za meli, Cunard ndio wakali. Queen Mary 2 ikivuka Atlantiki kati ya Southampton na New York kwa usiku 7, kwa kawaida kuna usiku 2 wa gala, yaani wa mavazi rasmi, na kuanzia saa 12 jioni mwanamume anatarajiwa kuwa na taksido (suti ya sherehe yenye satini), au suti nyeusi au ya rangi iliyokoza pamoja na tai. Asiyetaka ana sehemu chache za kukaa, bafe ikiwemo. P&O ya Uingereza nao wana usiku rasmi wa taksido au suti iliyokoza, na wasafiri wao huvaa kwelikweli.

Carnival, ambao ndugu zetu wa Texas hupanda sana, wanauita usiku wao Cruise Elegant. Safari ya siku 2 hadi 5 huwa na usiku mmoja, ya siku 6 na kuendelea huwa na 2. Suruali ya kitambaa na shati zuri la mikono mirefu vinakutosha kupita mlangoni. Koti na tai ni mapendekezo. Royal Caribbean wako jirani na hapo, ingawa suti utaziona nyingi zaidi. Celebrity waliufuta usiku rasmi wa zamani mwaka 2015 wakaleta Evening Chic, ambapo koti ni hiari. Norwegian hawakulazimishi kuvaa rasmi: ukitaka pendeza, usipotaka kula ushibe ukalale. Na Virgin Voyages wao wana usiku wa kuvaa nyekundu, suti yako ya harusi haihusiki kabisa.

Kanuni hizi hubadilishwa, kwa hiyo soma ukurasa wa mavazi wa kampuni yako wiki ile unayopakia begi, usitegemee picha za shemeji aliyesafiri mwaka juzi.

Hatua ya 2: Chagua moja kati ya tatu

Suti ya rangi iliyokoza, taksido, au vazi la kwenu. Nje ya hapo unabahatisha.

Kwa mteja wangu wa Galveston jibu karibu kila mara ni suti, na si nyeusi. Ni buluu iliyokoza, ile inayofanana na bahari saa 1 usiku, au kijivu cha mkaa. Suti nyeusi ya kawaida chini ya taa za manjano za ukumbi huonekana imechakaa hata ikiwa mpya, halafu nyumbani utaivaa mazishini tu. Ya buluu utaivaa harusini, kanisani, kwenye usaili wa kazi, na bado ikakupeleka baharini.

Taksido ninunue lini? Nunua ukiwa unapanda Cunard au P&O, au ukijua utaivaa angalau mara 3. Vinginevyo kodi, miji mikubwa ya Marekani na Uingereza ina maduka ya kukodisha. Utaitambua kwa satini: ukosi wa koti umefunikwa satini, suruali ina ukanda mmoja wa satini ubavuni wa kila mguu, na kiunoni haina vitanzi vya mkanda. Wateja huniomba nishone satini kwenye suti yao ya zamani "iwe taksido". Nakataa. Vitanzi vya mkanda vitakusaliti, na vifungo vya plastiki navyo vitatoa ushahidi.

Kuna koti jeupe la taksido, linalovaliwa na suruali nyeusi kwenye nchi za joto. Linapendeza sana visiwani Karibiani, lakini nikuambie siri ya wahudumu: kwenye meli nyingi koti jeupe ni sare yetu. Nimemwona mzee wa watu, amejipamba, anaitiwa chupa ya maji na meza ya jirani. Aliileta! Alikuwa na moyo mzuri.

La tatu ni vazi la kwenu, na hapa watu wa pwani mna bahati msiyoitumia. Cunard wanaeleza wazi kuwa vazi rasmi la kitaifa linakubalika usiku wa gala, na kwenye meli nyingine sijaona mtu aliyevaa kanzu safi akirudishwa. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikakaa wima, koti la rangi iliyokoza juu yake, kofia ya kiua iliyofuliwa ikanyooshwa, basi umemaliza. Mganda ana kanzu na koti lake la harusini, na hilo ndilo hasa linalotakiwa. Ukiwa na joho, lete joho. Wapiga picha wa melini watakuacha saa ngapi sijui. Ninachobadilisha ni miguuni tu: makubadhi ni ya haki na kanzu, lakini mlango wa ukumbi umeandikiwa "viatu vya wazi hapana", na yule kijana wa mlangoni hajui makubadhi na ndara za bafuni zinatofautianaje. Vaa viatu vya kufunika, muepushe na mtihani. Kikoi kiache kwa sitaha ya bwawa la kuogelea.

Hatua ya 3: Koti likukae

Hapa ndipo pesa yako iende. Nimehudumia meza ambapo suti ya bei ya gari imekaa kando ya suti ya mtumba, na ya mtumba ndiyo iliyokuwa inaulizwa "umeshonesha wapi?" kwa sababu ilipita mikononi mwa fundi.

Simama mbele ya kioo, mikono ikining'inia. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukipita, unaonekana umevaa koti la babako. Ukiwa ndani, mkono utavuta makunyanzi. Bega lisipokaa usinunue, hata kama limeshuka bei, maana kubomoa mabega ni kushona koti upya na fundi mkweli atakutoza hivyo. Vingine vyote vinarekebishika. Kiuno kinabanwa, suruali inakatwa pindo, mkono wa koti unafupishwa hadi shati lichungulie kama sentimita 1. Angalia tu kama vifungo vya mkononi vina matundu ya kweli yaliyokatwa, kwa sababu hapo kufupisha kunakuwa kazi ya kupandisha mkono kutoka begani. Nyuma ya shingo ukosi wa koti ulalie ukosi wa shati bila mwanya wa kupitisha kidole. Urefu wa koti ufunike makalio.

Ukiwa hapa nyumbani, nenda Kongowea asubuhi marobota yakifunguliwa. Koti la mtumba la sufu safi ni bora kuliko jipya la polista linalong'aa kama karatasi ya peremende. Lisugue kati ya vidole: sufu hurudi ilivyokuwa, polista huteleza. Geuza ndani usome kitambulisho cha kitambaa, kisha liinue juani utafute vitobo vya nondo, hasa chini ya ukosi na kwapani. Bitana iliyochanika isikutishe, nenda Biashara Street ununue nyingine, nitaitia kwa siku moja. Suruali iwe ya jozi ileile. Buluu mbili za suti tofauti hufanana gizani tu, na picha za melini hupigwa kwa mwanga mkali.

Aliye ughaibuni afanye hivyohivyo kwenye maduka ya nguo kuukuu ya mtaani kwake, halafu atafute fundi angalau wiki 2 kabla ya safari. Na ujipime ukiwa umekula. Siku ya 5 ya bafe suruali haisamehi. Mimi huacha akiba ya kitambaa nyuma ya kiuno kwa kila mteja wa meli, sijawahi kujuta.

Hatua ya 4: Shati na shingo

Shati jeupe, la pamba, lisilo na mfuko wa kifuani. Kwa suti tumia tai ndefu ya rangi moja iliyokoza, ncha yake iguse bizimu ya mkanda. Kwa taksido ni tai ya kipepeo, nyeusi, na kiunoni hamna mkanda wa ngozi: kuna masombo ya satini, marinda yake yakitazama juu, au kizibao.

Kipepeo cha kufungwa tayari kwa kulabu hakina dhambi. Lakini ukitaka kukifunga mwenyewe, fahamu kwamba ni fundo lilelile la kamba za viatu. Jifunzie pajani, uketi, uzungushe tai kwenye paja juu ya goti. Paja lina unene unaokaribia wa shingo na macho yako yanaona. Kisha:

Upande mmoja uwe mrefu zaidi kwa kama sentimita 4. Pitisha mrefu juu ya mfupi, uuingize chini, uutoe juu shingoni, ukaze. Kunja ule mfupi upate umbo la kipepeo, ulale mlalo mbele ya koo. Angusha mrefu katikati yake kama anayekifunga kiunoni. Sasa hapa ndipo watu hukwama: ukunje ule mrefu nao uwe bawa, uusukume nyuma ya bawa la kwanza, kwenye kitundu kilichobaki kati ya fundo na kunjo la mbele. Vuta mabawa mawili pande tofauti, polepole. Kikitoka kimepinda kidogo kiache kilivyo. Kupinda ndiko kunakoonyesha kwamba kimefungwa kwa mkono.

Hatua ya 5: Viatu

Vyeusi, vya kamba, vya ngozi, vimepakwa rangi na kusuguliwa. Viatu vya kahawia na suti ya buluu ni sawa mchana. Usiku wa gala hapana. Soksi nyeusi ndefu, ukiketi ngozi ya mguu isionekane. Kama soli ni mpya ya ngozi, ikwaruze kwa msasa kabla ya safari. Meli hucheza, na ngazi za ukumbi mkubwa huwa laini. Niliwahi kuteleza na trei ya glasi 12, nisikueleze zaidi.

Hatua ya 6: Kupakia

Begi kubwa utawapa wapagazi bandarini, nalo hufika chumbani alasiri au jioni. Ndiyo maana kampuni nyingi hazipangi usiku rasmi siku ya kwanza. Kwa safari ya siku 7 mara nyingi ni jioni ya pili, meli ikiwa baharini. Lakini ndege nazo hupoteza mabegi, kwa hiyo suti ibebe mkononi. Geuza bega moja la koti ndani nje, ingiza la pili ndani yake, bitana ikae nje, ulikunje mara moja juu ya suruali na mfuko wa nailoni katikati.

Pasi usibebe, hata ile ndogo ya mvuke. Kampuni karibu zote zimezipiga marufuku vyumbani kwa hofu ya moto, na walinzi huzichukua bandarini. Ukifika tu, tundika suti bafuni, fungua maji ya moto, funga mlango, iache dakika 15, sufu itajinyoosha. Cunard, P&O na Princess wana vyumba vya kufulia vyenye pasi za abiria; Royal Caribbean hawana, hivyo utalipia huduma. Peleka siku moja kabla. Siku yenyewe kila mtu anapeleka.

Hatua ya 7: Jioni yenyewe

Kifungo cha chini cha koti hakifungwi. Ukiketi fungua na cha juu, ukisimama kifunge. Usivue koti ukalitundika kwenye kiti: viyoyozi vya ukumbini ni baridi, na sisi wenye sahani tunapita nyuma yako. Picha pigeni kabla ya kula, foleni ikiwa fupi na shati likiwa jeupe, kwa sababu usiku huo meli nyingi huleta kambakoche na siagi ya moto. Kitambaa cha mezani kiweke mapajani mapema, na mhudumu akikuuliza kama akutolee nyama kwenye gamba, mwambie ndiyo. Tunafanya hivyo mara 200 kwa usiku. Wewe na kipepeo chako mtaanza kujifunza leo?

Ukirudi chumbani tundika koti kwenye hanga pana, mifuko mitupu, mlango wa kabati wazi hadi asubuhi. Usiku wa pili utalivaa hilohilo, badili shati na tai tu.