Kusafisha gliserini ghafi itokanayo na biodizeli ya alizeti

Watengenezaji wa biodizeli kwa mafuta ya alizeti, zao linalostawi Dodoma na Singida, hubaki na uji mzito wa kahawia ambao si gliserini tupu, bali umechanganyika na methanoli, sabuni na mabaki ya kichocheo, yaani alkali iliyoharakisha mmenyuko.

Upashe joto kidogo uwe mwepesi, kisha, ukiwa umevaa glavu na miwani ya kinga, ongeza asidi ya fosforiki polepole huku ukikoroga, hadi karatasi ya kupimia ioneshe pH (kipimo cha uasidi) ya karibu 4. Asidi huivunja sabuni kuwa asidi za mafuta zinazoelea juu, nayo chumvi hutuama chini. Acha usiku kucha, engua tabaka la juu, kisha chuja. Kama kichocheo kilikuwa potasiamu haidroksaidi, chumvi hiyo ni fosfeti ya potasiamu, ambayo ikisafishwa hufaa kuwa mbolea. Ndiyo maana napendelea potasiamu haidroksaidi kuliko soda kali.

Rudisha pH hadi 7 kwa alkali kidogo. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi, na chini kidogo ya hapo katika mwinuko wa Dodoma wa mita 1,100 hivi, kwa hiyo ikeneke katika chombo kilichofungwa chenye kipoza, mbali na moto wa wazi, kwa kuwa mvuke wake ni sumu na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Gliserini yenyewe isipashwe kupita kiasi, maana huvunjika na kutoa akrolini iwashayo macho.

Rangi na harufu hupunguzwa kwa mkaa amilifu. Hata hivyo, gliserini hii haitafikia kiwango cha dawa bila kukenekwa katika ombwe. Iuze kwa matumizi ya viwandani.