Wifi au mdogo wako anataka kuzalia kwa bibi mkunga? Fanya hivi

Kama kuna mjamzito kwenu anasema "mi ntazalia kwa bibi", cha kwanza usimgombeze. Muulize kwa nini, halafu nyamaza mpaka amalize, maana sababu anazo na nyingi ni za kweli kabisa. Mimi wifi yangu nilimgombeza mimba ya kwanza, nikamwambia hayo mambo ya kizamani, akanyamaza, usiku uchungu ulipomshika hakumwamsha mtu, akapitia mlango wa uani huyoo kwa bibi. Mtoto alitoka mzima, kondo ndo likagoma, damu ikawa haikati tukambeba kwa bodaboda tumemweka katikati, khanga mbili zililoa chapachapa. Mungu alimbakisha.

Mimba ya pili nilimfuata jikoni anapeta mchele nikamuuliza taratibu. Kumbe siku ya kwanza kliniki aliambiwa arudi na mume, mume yupo machimboni, akatumwa akachukue barua kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba mume hayupo, akaona aibu akarudi nyumbani. Halafu alishamsindikiza shoga yake leba akasikia mzazi anaambiwa "wakati unaitafuta ulilia hivi?" Bibi yeye anamkanda kiuno na mafuta ya moto, anamwacha achuchumae akitaka, akimaliza anampa uji, na hela atalipa alizeti ikiuzwa. Sasa we ungeenda wapi?

Kwaio kila sababu ina kazi yake. Barua ya mwenyekiti kaifuate wewe mapema kama mume yuko mbali. Kama anaogopa lugha, nenda naye kliniki mwenyewe, muone mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, muulize kama mnaruhusiwa kuingia na msindikizaji leba na kama anaweza kujifungua mkao anaoutaka, hata Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasema mama achague mkao na awe na mtu wake pembeni. Ukiuliza mapema unajulikana, na mtu anayejulikana anasemeshwa vizuri, nimeliona hilo.

Hela nayo. Sera yetu Tanzania inasema kujifungua vituo vya serikali ni bure, ila wote tunajua vifaa utaambiwa uje navyo, ndo maana watu wanakimbia. Omba orodha ya kituo chenu, anza kununua mimba ikiwa ya miezi mitano, kidogo kidogo, glovu, mpira wa kutandika, vibana kitovu, wembe mpya, pamba, beseni, khanga safi. Sisi tulitundika begi kwenye msumari nyuma ya mlango, kila akiuza mayai kinaongezeka kitu.

Usafiri usisubiri usiku. Dharura ikitokea piga 115, ni m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, bure, wanatafuta gari la kumpeleka. Na kama kituo kiko mbali sana, ulizia nyumba ya kusubiria uchungu, kwetu Dodoma tunaita chigonela, anahamia pale siku zikikaribia.

Sasa bibi. Usimfanye adui, nakusihi, huyo ndo kazalisha nusu ya kijiji. Nenda na sukari na sabuni, shikamoo yako, mwambie bibi tunaomba utusindikize hospitali uwe naye. Mweleze kwa heshima, mikono yake ni mizuri ila hana sindano ya kuzuia damu, hana damu ya kuongeza, na kifafa cha mimba hakisubiri. Dawa za miti za kuongeza uchungu mwombe asimpe kabisa, zinabana mfuko kwa nguvu mtoto anakosa hewa na mfuko unaweza kupasuka. Na mkubaliane wote watatu, akiumwa kichwa kikali, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka au mtoto akiacha kucheza, hapo ni kituoni saa hiyo hiyo, hamna kukanda.

Bibi wetu alikubali. Alikaa kwenye benchi na chupa ya uji mapajani mpaka alfajiri, kila wifi akiita anaingia kumkanda.

Na kama kwenu mnazika kondo nyumbani, mwambieni muuguzi kabla mtoto hajatoka na mbebe kindoo chenye mfuniko. Sisi tulipewa, bibi mwenyewe ndo alichimba shimo nyuma ya jiko.