Mashua ya Plaiwudi ya Kutembelea Ziwa Kyoga

Kyoga, nchini Uganda, ni ziwa pana, lakini kina chake hakifiki mita 6, na kando zake ni mafunjo na magugu maji. Mkuku (uti wa chini ya mashua) mrefu hauna kazi huko. Jenga mashua ya chini bapa, urefu wa kama mita 4.6, inayoelea kwenye maji ya magotini.

1. Mbao. Nunua plaiwudi nne za futi 8 kwa 4: mbili za milimita 6 za kuta, mbili za milimita 9 za chini. Usiamini muhuri peke yake. Omba kipande, kichemshe saa nzima, kikaushe, ukichemshe tena. Tabaka zikiachana, nenda duka jingine.

2. Kuunga. Unga mbilimbili kichwa kwa kichwa. Piga randa ncha kwa mshazari, urefu wake mara 8 ya unene, yaani milimita 48 kwa ubao wa 6 na 72 kwa ule wa 9. Paka epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), bana, acha hadi kesho. Ubao mwembamba upasue upate kuta mbili za sentimita 45.

3. Kushona. Kunja kuta kuzunguka fremu ya katikati yenye upana wa mita 1.1 chini, zikutane omo (mbele). Tezi (nyuma) ifunge kwa ubao. Pindua, lazia ubao wa chini juu yake, chora, kata. Toboa matundu kila sentimita 12, funga kwa waya wa shaba.

4. Gundi. Hapa ndipo uhai wa mashua ulipo. Changanya epoksi kidogo kidogo, asubuhi, kwa kipimo cha mtengenezaji hasa. Joto la mchana huigandisha ndani ya kopo. Iongeze unga laini wa mbao mpaka isichuruzike, jaza pembe zote za ndani, ufunike kwa utepe wa faibaglasi. Ikikauka toa waya, viringisha kingo za nje kwa msasa, weka utepe huko pia. Kingo zilizokatwa zipake mara tatu, kila tundu likiwemo, kwani maji huingilia hapo na kuozesha ubao kwa ndani. Malizia kwa rangi, maana jua huharibu epoksi.

5. Ubao wa pembeni. Huu huzuia upepo usisukume mashua kando. Gundisha mabaki matatu ya milimita 6, uning'inize kwa boliti moja upande wa demani (usiopigwa na upepo) ili ujiinue wenyewe ukigusa tope. Usukani nao uinuke hivyohivyo.

6. Tanga. Turubai la mita 6 za mraba na mlingoti wa mkaratusi vinatosha. Shona safu ya kamba za kupunguzia tanga. Dhoruba za Kyoga huja ghafla.

Chini ya viti funga madumu matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa. Kila dumu hubeba karibu kilo 20 mashua ikijaa maji. Jaketi za kuokolea zivaliwe tangu ufukweni.