Kubadilisha prosesa ya laptopu ya zamani ukiwa Mtwara au Lindi

Kabla ya kushika bisibisi, soma herufi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha utafute mstari wa prosesa. Namba ikiishia na M, QM au MQ, mfano i5-3320M, kuna uwezekano mkubwa prosesa imekaa kwenye soketi na inatoka. Ikiishia na U, Y au HQ, imechomelewa kwenye bodi. Usihangaike nayo. Intel waliacha prosesa za soketi kwenye laptopu baada ya kizazi cha 4 (kizazi ni tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-3320M ni ya kizazi cha 3), kwa hiyo ukiona Core i5 ya kizazi cha 5, 6 au 7, hiyo haibadilishwi mezani hata fundi akuahidi nini.

Laptopu za mtumba zinazobadilika vizuri ni kama Dell Latitude E6420 na E6430, au ThinkPad T420, T430 na T440p. Kizazi cha 2 kibaki na kizazi cha 2, cha 3 na cha 3. Vizazi hivyo viwili vinaingia kwenye tundu moja, lakini bodi nyingi za kizazi cha 2 hazina BIOS (programu ya bodi inayoiamsha laptopu) ya kuitambua prosesa ya kizazi cha 3: utawasha, feni itazunguka, kioo kitabaki cheusi. Kizazi cha 4 kina soketi yake kabisa.

Tuseme una E6430 yenye i5-3320M: viini 2 (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa), wati 35. Wauzaji wengi watakupa i7-3520M kwa sababu ina jina la i7. Iache. Nayo ina viini 2, na utakachopata ni kasi kidogo tu. Inayostahili nauli ni i7-3632QM: viini 4, nyuzi 8 (mikondo 8 ya kazi kwa wakati mmoja), na wati ni zile zile 35, hivyo hitisinki yako (chuma kinachoondoa joto kwenye prosesa) na chaja yako vinaimudu. i7-3720QM ina nguvu zaidi lakini inakula wati 45. Kwa hitisinki nyembamba, na joto la mchana la Masasi au Nachingwea, itapanda hadi ijipunguze kasi yenyewe, na utakuwa umelipia kitu usichokitumia.

Halafu jambo ambalo muuzaji hasemi. Kiini kimoja cha 3632QM kinafika 3.2 GHz, na cha ile 3320M kinafika 3.3. Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anayejaza uzito wa korosho kwenye Excel hataona tofauti yoyote. Atakayeiona ni mhariri wa video za harusi, au mtu anayefungua mambo mengi kwa wakati mmoja. Kama tatizo ni kuwaka polepole, anza na SSD (diski ya kasi) na RAM ya GB 8. Prosesa ije mwisho. Na hakuna prosesa ya laptopu hizi itakayokubaliwa rasmi na Windows 11, inayotaka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea.

Prosesa yenyewe mara nyingi itatoka Dar kwa basi. Mwambie muuzaji akutumie picha ya upande wa chini. Ukiona pini nyembamba zimejipanga kama nywele za brashi, ni ya soketi. Ukiona vitone vya risasi, ni ya kuchomelewa, na baadhi ya namba zinauzwa kwa aina zote mbili. Sisitiza ifungwe kwenye kijiboksi kigumu cha plastiki. Ikiwekwa kwenye bahasha ya kaki, pini zitakuwa zimepinda kabla basi halijafika Nangurukuru.

Ikiwa bado njiani, sasisha BIOS ukitumia prosesa ya zamani. Chomeka chaja na uwe na betri inayoshika chaji. Kama betri imekufa na umeme wa mtaani kwenu haueleweki, subiri upate betri ya kuazima, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS unaweza kubaki na bodi isiyowaka.

Siku ya kazi andaa bisibisi ndogo ya nyota, bisibisi bapa, pesti ya prosesa (ya kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki), pamba isiyoacha nyuzi, brashi laini na spiriti ya isopropili, ya asilimia 99 ukiipata. Tina ya fundi simu isikaribie: inakula plastiki. Kaa penye hewa na uwe na taulo. Wengi wanaogopa umeme tuli, na kweli gusa chuma kwanza, lakini kwa unyevu wa pwani yetu kinachodondokea kwenye bodi mara nyingi zaidi ni jasho.

Toa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. Kwenye E6430 unafungua mfuniko wa chini na hitisinki iko mbele yako. Kwenye T430 unaanzia juu, kibodi na sehemu ya kuwekea viganja. Legeza skrubu za hitisinki kidogo kidogo kwa mshazari, ukifuata namba zilizochapwa pembeni yake kama zipo. Ikigoma kunyanyuka, pesti imekauka: washa laptopu dakika 5 ipate joto, zima, toa betri tena, kisha zungusha hitisinki taratibu. Usiivute kwa nguvu.

Pembeni ya soketi kuna skrubu moja yenye alama ya kufuli. Izungushe nusu mzunguko kwa bisibisi bapa hadi alama ya kufuli wazi, nyanyua prosesa wima. Ile mpya ina pembetatu ndogo kwenye kona. Ikutane na kona yenye alama kwenye soketi. Iachie tu, inazama yenyewe. Ikikaa mshazari hata kidogo, kuna pini imepinda: itoe, uinyooshe kwa ncha tupu ya kalamu ya risasi ya kubonyeza ya 0.5, uijaribu tena. Kisha funga skrubu. Kuisahau skrubu hii ni sababu ya kawaida kabisa ya kioo cheusi.

Sasa mapezi ya hitisinki. Hapa pwani vumbi halikai kama unga. Unyevu na chumvi vinaligandisha likawa kama kipande cha zulia kati ya feni na mapezi, na kupuliza kwa mdomo hakuling'oi. Fungua feni, livute kwa kibano likiwa zima, maliza kwa brashi. Mapezi yenye kutu nyeupe yapangushe kwa spiriti.

Prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma. Silikoni iko wazi na kona zake huvunjika. Isafishe hadi ing'ae, weka pesti kiasi cha punje ndogo ya mchele, tandaza utando mwembamba. Shusha hitisinki wima, kaza kwa mshazari, raundi mbili. Usisahau waya wa feni.

Mara ya kwanza inaweza kujizima na kujiwasha. Ingia BIOS (F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad) uhakikishe jina jipya linasomeka. Ikibaki nyeusi, chomoa na urudishe RAM, kisha toa betri ya kidonge ya bodi kwa dakika 5.

Pima joto kwa programu ya HWiNFO ukiwa umeipa kazi nzito kwa dakika 20. Mwisho wa prosesa hizi za kizazi cha 3 ni nyuzi joto 105. Ikitulia kati ya 75 na 90, sawa. Ikiruka hadi 95 ndani ya sekunde chache, hitisinki haijagusa vizuri, ifungue. Ikipanda polepole kisha isishuke, tatizo ni feni au mapezi.

Na kama Dell yako imekuwa nzito kuliko zamani ilhali haina joto, angalia chaja. Dell huisoma kupitia pini ya katikati. Isipoitambua, kama ilivyo kwa chaja nyingi za bei poa, hushusha prosesa hadi kasi ya chini kabisa na betri haichaji. Azima chaja halisi ya wati 90 ujaribu nayo.