MZA iko kwenye jedwali, MySQL inasema haipo

Unaiona MZA, msimbo wa mji, kwa macho yako kwenye hifadhidata ya MySQL, lakini `WHERE mji = 'MZA'` hairudishi hata safu moja. Mimi ilinila siku nzima kwenye orodha ya wateja wa duka la jumla. Nilishuku herufi kubwa na ndogo, nikashuku hata usimbaji wa herufi, kumbe mchawi kakaa mwishoni mwa mstari.

CSV (faili la maandishi lenye kolamu zilizotengwa kwa koma) iliyotoka Windows hufunga kila mstari kwa baiti mbili zisizoonekana, 0D (huandikwa `\r`) na 0A (`\n`). Linux hutumia 0A peke yake, na `LOAD DATA` ya MySQL, amri ya kupakia faili kwenye jedwali, usipoielekeza vingine, hukata mstari hapohapo kwenye 0A. Ile 0D inabaki imeng'ang'ania kolamu ya mwisho, kwangu `mji`. Kolamu nyingine zangu zote zilikuwa safi. Hilo pekee lingetosha kunishtua.

1. Pima, usiamini macho

`SELECT mji, LENGTH(mji), HEX(mji) FROM wateja LIMIT 5;`

MZA ni baiti 3: 4D5A41. Mimi nilipata 4, na 4D5A410D. Kwenye terminali utaona pia ule mstari wa kulia wa jedwali umerukia kushoto, maana 0D hurudisha kishale mwanzo.

2. Hesabu safu zilizochafuka

`SELECT COUNT(*) FROM wateja WHERE mji LIKE '%\r';`

3. Safisha

`TRIM(mji)` tupu haisaidii, huondoa nafasi tu. Itajie cha kuondoa:

`START TRANSACTION;`
`UPDATE wateja SET mji = TRIM(TRAILING '\r' FROM mji) WHERE mji LIKE '%\r';`

Rudia hesabu ya hatua ya 2. Ikija 0, thibitisha kwa `COMMIT`. Ukiona mambo siyo, tengua kwa `ROLLBACK` (jedwali liwe la InnoDB, injini ya kuhifadhi data inayoruhusu kutengua, la sivyo hakuna kurudi nyuma). Kolamu ikiwa na faharasa ya `UNIQUE` (isiyoruhusu thamani kujirudia), unaweza kukutana na kosa 1062: safu safi ilikuwapo tayari kando ya ile chafu. Hapo usilazimishe, zitazame zote mbili uamue ipi ibaki.

4. Ziba tundu

Kwenye terminali ya Linux, kabla ya kupakia faili:

`head -n 2 wateja.csv | cat -A`

Mstari ukiishia `^M$`, ni wa Windows. Unaweza kuongeza `LINES TERMINATED BY '\r\n'` kwenye `LOAD DATA`, ila siku ukiletewa faili ya Linux, MySQL haitaona mwisho wa mstari wowote na faili zima litamezwa kama safu moja. Mimi husafisha faili kwanza:

`sed -i 's/\r$//' wateja.csv`

Faili ambalo halina 0D halidhuriki, kwa hiyo amri hii naiacha kwenye skripti moja kwa moja.