Somo: Goti Liulize Kesho Asubuhi

Nina miaka 63 na bado nakimbia Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijaanza vituko vyake. Kwa muda mrefu kosa langu lilikuwa moja: goti likiuma nalala wiki tatu, nikirudi nataka kilomita 10 zilezile. Linavimba upya.

Hatua ya 1. Pima maumivu mara mbili: ukiwa mbioni, na kesho yake unapoteremka ngazi. Ukiyapa alama kati ya 0 na 10, yakawa 3 au chini yake, na asubuhi goti limerudi hali yake, endelea. Likiamka gumu kuliko jana, ulizidisha, hata kama mbio zenyewe zilikuwa tamu.

Hatua ya 2. Punguza, usiache. Gegedu ya goti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husukumwa na mwendo. Kimbia dakika mbili, tembea moja. Wenzako wakikucheka, wacheke.

Hatua ya 3. Nguvu. Hapa wengi wetu ni wavivu. Kwa goti: inuka kitini bila kushika kitu, kaa polepole, mara 10, raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Kano ya kisigino, ile kamba ngumu inayounganisha kigimbi na kisigino, ikiuma kwa juu kidogo, simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, shusha visigino taratibu: mara 15, raundi tatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ndiyo, 12. Kano haina haraka.

Hatua ya 4. Ufuoni ngoja maji yapwe, mchanga uwe mgumu. Penye mteremko mguu mmoja huwa chini ya mwenzake na goti hulipa, kwa hiyo geuza njia mapema.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu cha mbio

Mwalimu, mimi humeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya mbio. Kuna ubaya?
Upo, bwana. Kwa jasho hili la Mombasa figo zimeshakaukiwa, nawe unaziongezea mzigo. Tumbo na presha navyo vinaguswa. Tena unaziba mdomo wa goti linalokwambia kitu.

Nichuliwe?
Misuli iliyokaza, sawa. Goti lililovimba likawa jekundu na la moto, usiguse, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma: huenda ni damu iliyoganda.

Nina miaka 58, sijawahi kukimbia. Si nitayamaliza magoti, mwalimu?
La, dada yangu. Mbio za kiasi hazijaonekana kuyala magoti mazima. Pima presha kwanza, kisha tembea mwezi mzima.

Raba za mtumba za soko la Kongowea zafaa?
Jozi zangu mbili zimetoka huko. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa kavu kama ubao, iache. Geuza uangalie kisigino pia. Kikiwa kimeliwa upande mmoja, hicho kimeshazoea mguu wa mwenyewe wa kwanza.